Sauti ya Mshairi na Kalamu ya Mwandishi: Habari za Santuri za Siti binti Saad

Walimu wa Kiswahili wakiulizwa maana ya shairi, wengi wetu hutaja vina, mizani, mishororo na beti. Jibu hilo ni sahihi. Lakini mzee wa pwani asiyepita shule, akiulizwa swali lilo hilo, mara nyingi hataanza kuhesabu, bali ataimba. Kwake yeye shairi ni kitu kisikiwacho, na karatasi ni mfuko wa kulichukulia tu. Wala asidhaniwe kuwa ni mjinga kwa kusema hivyo, kwa maana Sheikh Kaluta Amri Abedi naye, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotolewa mwaka 1954, alikaza kwamba ushairi ni wimbo, na kwamba shairi lisiloimbika lina upungufu. Basi mwenye sheria na asiyezijua wamekutana katika neno moja.

Ikiwa ndivyo, latujia swali ambalo si dogo kwa mtu anayefundisha lugha. Je, tunapoweka mashairi yetu katika vitabu tu, tumeyaweka mazima, au tumeweka mifupa tukaacha nyama? Na sauti ikihifadhiwa bila kitabu, je, hiyo yatosha? Njia njema ya kulijibu swali hili ni kutazama habari za mtu mmoja ambaye sauti yake ilihifadhiwa, naye ni Siti binti Saad wa Unguja. Lakini kwanza tutazame kwa ufupi jambo hili la kuhifadhi sauti ya mshairi lilianza wapi.

*Mwanzo wa kuhifadhi sauti*

Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alitengeneza chombo cha kwanza kilichoweza kushika sauti ya mtu na kuirudisha. Miaka kumi na miwili baadaye, tarehe 7 Aprili 1889, chombo cha namna hiyo kililetwa London katika nyumba ya mchoraji Rudolf Lehmann, na miongoni mwa wageni alikuwako mshairi mashuhuri Robert Browning, mzee wa miaka sabini na sita. Akaombwa aseme shairi lake mwenyewe, lile la wapanda farasi waliokwenda mbio kupeleka habari njema. Akaanza kwa nguvu, lakini baada ya mishororo michache maneno yakampotea. Akaomba radhi kwa kuyasahau maneno yake mwenyewe, na waliokuwapo wakamshangilia. Mambo hayo yote yamo katika sauti ile: shairi, kusahau, kuomba radhi na vifijo. Browning alifariki tarehe 12 Desemba mwaka ule ule, na mwaka uliofuata rafiki zake wakakusanyika wakaisikia tena sauti yake, hali mwenyewe amekwisha kuzikwa.

Mwaka 1890 ikawa zamu ya Alfred Tennyson, aliyekuwa mshairi rasmi wa Malkia Victoria. Alisoma shairi lake juu ya kikosi cha wapanda farasi walioshambulia mizinga katika vita vya Crimea mwaka 1854. Nta iliyoshika sauti ile imeharibika, na anayeisikiliza husikia mvumo kama wa mvua juu ya makuti. Hata hivyo jambo moja lasikika wazi, nalo ni kwamba Tennyson hasemi kama mtu asomaye barua. Huvuta maneno, huyapandisha na kuyashusha, karibu na kughani. Waingereza waliozoea kulisoma shairi lile kimya kitabuni walijifunza kwa sauti hiyo kwamba mwenyewe alilisikia moyoni mwake kwa namna nyingine kabisa.

Katika habari hizi mbili twapata mafunzo mawili. La kwanza, sauti ya mwenye shairi ni ushahidi usiopatikana katika kitabu. La pili, sauti hukamata na ajali ya siku ile: kikohozi, kusahau, na furaha ya wasikilizaji. Kitabu husafishwa kabla ya kutolewa, bali sauti hutoka na vumbi lake.

*Maneno yaliyobaki bila sauti*

Sasa turudi kwetu. Washairi wetu wakubwa wa zamani walikufa kabla ya chombo hicho kufika. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyezaliwa yapata mwaka 1776 na kufariki mwaka 1840, alitunga mashairi yaliyokwenda vinywani mwa watu: mashairi ya vita vya Mazrui na Sayyid Said, ya mapenzi, ya njaa, ya kejeli na ya mafumbo. Yasingetufikia kama si kazi ya Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, ambaye aliyakusanya kwa wazee waliokuwa wakiyakumbuka. Mwalimu huyo alishirikiana na Padre W. E. Taylor, mmisionari wa Kanisa la Uingereza aliyekaa Mombasa, na karatasi zao ndizo zilizomwezesha William Hichens kutoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, huko Johannesburg.

Jambo la kuangaliwa ni hili: Mwalimu Sikujua hakutoa maneno matupu. Alieleza pia shairi fulani lilitungwa kwa sababu gani, nani aliyejibiwa, na neno fulani la Kimvita lina maana gani. Pasipo maelezo hayo, mashairi mengi ya Muyaka yangekuwa kama kufuli zisizo funguo. Kwa hiyo katika habari ya Muyaka tunayo maneno, na kwa sehemu tunayo maelezo, ila sauti hatunayo. Mahadhi aliyoyaimbia uwanjani Mombasa yamekwenda pamoja naye.

*Siti binti Saad*

Siti alizaliwa Fumba, shamba la Unguja, yapata mwaka 1880. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa. Baba yake Saad alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua kwa asili, nao walikuwa watu wa hali ya chini, wafinyanzi na wakulima. Binti huyo alijifunza ufinyanzi, akawa akichukua vyungu kwenda kuviuza mjini kwa miguu, akivinadi njiani. Watu wakasema sauti yake ilitangulia kufika kabla ya vyungu vyake. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko akafundishwa uimbaji wa taarabu na mafundi wa muziki, akapewa jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Aliyeitwa Mtumwa akaitwa Bibi. Badiliko hilo la jina lina historia ndani yake, kwa kuwa utumwa ulikuwa umeondolewa kisheria Unguja mwaka 1897 tu, na watu wengi waliokuwa wakitafuta heshima mpya walimwona Siti kuwa ni mmoja wao.

Taarabu yenyewe ilikuwa imeletwa Unguja katika zama za Sayyid Barghash, aliyetawala toka mwaka 1870 hata 1888, na kwa muda mrefu ikawa ni starehe ya jumba la Sultani na ya waungwana, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake ndio walioifanya isikike kwa Kiswahili masikioni mwa watu wote. Wenzake hao walikuwa wapiga udi, fidla na matari, nao walikuwa wakikutana nyumbani kwake usiku. Huko walizungumza habari za mji: nani kadhulumiwa, karani gani kala fedha za watu, kesi gani imekatwa vibaya, na katika mazungumzo hayo nyimbo zikatungwa. Huyu hutoa mshororo, yule hutengeneza kina, na Siti hutia mahadhi na kukata neno. Kwa hiyo anayeuliza wimbo fulani ni wa nani peke yake, aliuliza kwa desturi ya kitabu. Kwa desturi ya baraza, wimbo ulikuwa wa jamaa ile, na sauti iliyoupa uhai ilikuwa ya Siti.

*Mwaka 1928*

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimchukua Siti na jamaa zake kwenda Bombay, India, wakaimba mbele ya kipaza sauti, na nyimbo zao zikatiwa katika santuri. Santuri hizo zikarudi Unguja kwa merikebu, zikaenea Mrima, Mombasa, Lamu na hata bara. Maskini wengi hawakuweza kununua gramafoni, lakini iliyokuwa katika mkahawa mmoja ilitosha kusikiwa na mtaa mzima. Katika miaka iliyofuata aliimba tena kwa ajili ya santuri nyingine. Yasemekana mpaka siku hizo hakuna sauti ya Kiswahili iliyokuwa imekwenda mbali kama ile.

Sasa, walimu wenzangu, angalieni jambo lililotukia mwaka huo huo wa 1928. Huko Mombasa wajumbe wa serikali za Afrika Mashariki pamoja na wamisionari walikutana, wakakubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu kitakachoandikwa katika vitabu vya shule. Kutokana na shauri hilo ikaundwa Kamati ya Lugha iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930. Kwa hiyo katika mwaka mmoja Kiunguja kilishikwa na mikono miwili. Mkono mmoja, huko Mombasa, ulianza kukitengenezea tahajia. Mkono wa pili, huko Bombay, ulikamata sauti yake. Hawa hawakuwa na habari ya wale, lakini sisi tuliokuja baadaye tumerithi kazi zote mbili, nasi tumezoea kutumia moja tu.

*Mambo ambayo santuri imeyashika na kitabu kimeyaacha*

Kwanza, matamshi. Tahajia tunayoitumia ni rahisi na njema, lakini haionyeshi kila kitu. Tukiandika *paa* hatuonyeshi kama ni paa la nyumba au ni paa wa mwituni, ingawa mzaliwa wa pwani hutamka *p* ya mnyama kwa kupumua na ile ya nyumba bila kupumua. Kadhalika *barabara*: mkazo ukiwa katika silabi ya tatu, ni njia ipitwayo, ukiwa katika silabi ya pili, ni sawasawa au vyema. Mwandishi huandika namna moja, na msomaji huachiwa akisie. Katika nathari si kitu, maana sentensi itamsaidia. Lakini katika shairi, ambamo fumbo hujengwa mara nyingi juu ya neno lenye maana mbili, sauti ndiyo inayojua maana ipi ilikusudiwa, au kama zote mbili zilikusudiwa pamoja.

Pili, mizani. Mtu akisikiliza nyimbo za taarabu za zamani atagundua kwamba mwimbaji hahesabu kama sisi tuhesabuvyo kwa vidole. Huvuta irabu moja mpaka ikatimiza nafasi ya silabi tatu, hurudia kipande, hutia kiitikio, na mkazo wa kawaida wa neno hutii mahadhi. Mizani ya karatasi ni kama vipimo vya fundi kabla ya kujenga. Ni vya lazima, ila hakuna akaaye ndani ya vipimo.

Tatu, hali ya moyo. Mshororo ulio na maneno ya kusifu waweza kuimbwa kwa sauti ya kukejeli, na mshororo wa kejeli kwa sauti ya huzuni. Kalamu haina alama ya jambo hilo. Wasomi wameandika kurasa nyingi kueleza kama shairi fulani la zamani ni la mzaha au la kweli. Sauti moja ingewapumzisha.

*Mambo ambayo santuri nayo imeyaacha*

Lakini tusije tukaivika santuri taji isiyo yake. Upande mmoja wa santuri ya siku zile, iliyozunguka mara sabini na nane au karibu yake kwa dakika, ulichukua wimbo wa dakika tatu hivi tu. Katika baraza la Unguja wimbo uliweza kuendelea muda mrefu: msikilizaji husimama na kumtunza mwimbaji, ubeti uliompendeza hurudiwa, mpiga fidla hupewa nafasi yake, na beti nyingine huongezwa papo hapo. Huko Bombay hapakuwa na wa kutunza. Palikuwa na saa. Beti zikapunguzwa ili wimbo utoshe katika sahani. Na tenzi zetu ndefu, kama ule wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, zisingeweza kutiwa humo kabisa ila kwa vipande.

Tena, karatasi ndogo ya duara iliyo katikati ya santuri hutaja jina la mwimbaji na la wimbo, nayo haina nafasi ya kueleza kisa. Upungufu huu ni mkubwa kuliko ule wa dakika, na mfano wake bora ni wimbo wa Kijiti.

Wimbo huo wahusu mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea. Akiwa huko alichukuliwa usiku kwenda ngomani na mtu aitwaye Kijiti, akatendewa jeuri na kuuawa, naye alikuwa mja mzito. Kijiti akavuka bahari akakimbilia bara, asipatikane. Wanawake waliosimama kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani na kufungwa, kwa kuwa walikuwa pamoja na marehemu usiku ule na pombe ilikuwako. Mji ukanung'unika, lakini wakati huo wanawake wa hali ile hawakuwa na gazeti la kuandikia, wala baraza la kukatia rufani kilio chao. Wakawa na Siti. Wimbo ukaimbwa, ukatiwa katika santuri, na jina la mtu aliyeikimbia sheria likatajwa kila ilipozungushwa sahani ile. Hukumu ya mahakama ilikwisha siku ile ile. Hukumu ya wimbo ingali ikisomwa.

Lakini tuangalie. Kijana wa leo akiusikia wimbo huo bila kuelezwa, ataelewa kwamba mtu amekufa na kwamba wengine wanalalamika, wala hatafahamu kwa nini mashahidi ndio wanaohurumiwa. Mtaalamu wa historia Laura Fair, ambaye kitabu chake juu ya starehe na siasa za mji wa Unguja kilitolewa mwaka 2001, alilazimika kuketi na wazee wa Unguja waliozikumbuka siku zile, awaulize wimbo kwa wimbo, ubeti kwa ubeti. Wazee hao walimfanyia kazi ile ile ambayo Mwalimu Sikujua aliifanya kwa mashairi ya Muyaka. Kama angechelewa miaka ishirini, sauti ingalikuwako, na maana ingalikuwa imezikwa.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya kufa kwake alimsimulia maisha yake Shaaban Robert, naye akamwandikia wasifu, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1958. Kwa njia hiyo bibi huyu alipata yote mawili, santuri kwa sauti yake na kitabu kwa habari zake. Na chama cha waandishi wanawake wa Tanzania kilipoanzisha gazeti lake mwaka 1988, hakikuona jina lifaalo kuliko *Sauti ya Siti*.

*Mashahidi watatu*

Kutokana na hayo yote naona kwamba shairi la Kiswahili lina mashahidi watatu, nao ni neno, sauti na maelezo. Kwa Muyaka tunalo neno na maelezo, na sauti imepotea. Kwa Browning na Tennyson wanalo neno na sauti, na maelezo ni tele, maana waliishi katikati ya watu waandikao kila kitu. Kwa nyimbo nyingi za santuri zetu tunayo sauti, ambayo neno lake halikuandikwa na maelezo yake yako katika vichwa vya wazee wanaozidi kupungua. Penye mashahidi watatu hukumu ni rahisi. Akikosekana mmoja, hukumu ni ya kukisia.

Huenda mtu akasema: Hayo ni mambo ya Unguja na ya wataalamu, sisi wa Msimbu na Kisarawe yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Yule mwanamke wa wimbo wa Kijiti alitoka Dar es Salaam, na Dar es Salaam ni mlango wetu. Wazaramo walikuwa wakiingia na kutoka humo kabla haujaitwa kwa jina hilo. Na katika vijiji vyetu mashairi yako, ingawa hayaitwi mashairi. Ziko nyimbo za mdundiko zinazomtaja mtu kwa fumbo mpaka akaacha ubaya wake. Ziko nyimbo za mkole zinazomfunda mwali. Ziko nyimbo za kulima, za msiba na za kubembeleza watoto. Kizaramo na Kiswahili huchanganyika ndani yake kama chai na maziwa, na katika mchanganyiko huo yamo maneno yasiyopatikana katika kamusi yo yote. Nyimbo hizi hazina hata shahidi mmoja aliyeandikishwa. Mzee mmoja akizikwa, yote matatu huzikwa naye siku moja.

Zamani tungalisema kwamba kazi hiyo yahitaji merikebu ya kwenda Bombay. Siku hizi kila mwalimu, na wanafunzi wengi wa sekondari, wana simu ya mkononi iwezayo kushika sauti kwa saa nzima, bila nta wala sindano. Chombo kipo, kinachokosekana ni desturi ya kukitumia kwa adabu na kwa akili. Kwa hiyo nawawekea walimu wenzangu maneno machache ya kusaidia.

Kwanza, idhini. Usiwashe chombo kabla ya kuomba ruhusa, wala usikifiche. Siti alikwenda Bombay kwa hiari yake. Bibi wa kijijini naye ana haki ile ile. Tena nyimbo nyingine, hasa za mkole na za unyago, zina wenyewe. Somo na makungwi ndio wajuao ipi yaweza kusikiwa na wote na ipi ni ya ndani. Wakisema hapana, ni hapana. Afadhali wimbo mmoja upotee kuliko kuvunja uaminifu ambao ndio unaozilinda nyimbo zote.

Pili, mwache mwimbaji aimbe mpaka mwisho. Usimkatize kumsahihisha wala kumwuliza. Akisahau, akakumbuka, akacheka, yaache yote. Tumeona katika habari ya Browning kwamba hata kusahau kwa mshairi ni sehemu ya historia.

Tatu, baada ya kuimba, sikilizeni pamoja na kuandika maneno, neno kwa neno, kama yalivyotamkwa. Usibadili neno la Kizaramo kuwa la Kiswahili sanifu kwa kudhani kwamba unamsaidia mzee. Sanifu inao wasaidizi wengi.

Nne, uliza kisa. Wimbo huu ulitungwa na nani, mwaka wa jambo gani, kwa ajili ya nani, na neno hili ni fumbo la nini? Andika majibu, hata kama wazee wawili watapingana. Kupingana kwao nako ni habari. Hapo ndipo palipo na hatari kubwa kuliko zote, kwa kuwa sauti yaweza kungoja katika simu, na maneno yaweza kuandikwa kesho, lakini maelezo hayamo po pote ila katika kichwa cha mtu.

Tano, tia jina la mahali, tarehe na jina la mwimbaji akikubali litajwe, kisha toa nakala mbili au tatu, moja akae nayo mwenyewe au wanawe. Chombo kimoja kikianguka mtoni visije vikafa vyote.

Na darasani, tunapofundisha mashairi, tuanze na sikio. Mwalimu alighani shairi mara mbili kabla mwanafunzi hajafungua kitabu. Asiyejua kughani na amwite mzee wa kijiji, naye atakuja kwa furaha. Kisha wahesabu mizani. Wataona wenyewe kwamba hesabu ile haikuwekwa ili iwatese katika mtihani, bali iliwekwa ili mahadhi yapate mahali pa kukaa. Mwanafunzi aliyelisikia shairi kwanza atavielewa vina kwa dakika chache, na aliyeanza kwa vina huenda asilisikie shairi maisha yake yote.

Kalamu imetutendea mema makubwa, wala hapana anayeisoma makala hii awezaye kuidharau. Lakini kalamu iliyo peke yake imetupa Muyaka asiye na sauti, na sahani iliyo peke yake karibu itupe Siti asiye na maana. Watoto wetu wana vyombo vyote viwili mkononi, na wazee wangali hai. Basi kila shule katika kata yetu na ianze na mzee mmoja na wimbo mmoja, ikitunza neno lake, sauti yake na maelezo yake pamoja.